Nani Alisoma Mpaka Mwisho?

Karatasi zote zilikuwepo ukutani.

Zote... isipokuwa ya mwisho!

Ilunga alisimama mbele ya gazeti lake la ukutani, kofia mkononi. Karatasi haikuchanwa. Mtu aliitoa taratibu, pini moja moja, kisha akazirudisha pini mahali pake, zikabaki zimeshika ukuta mtupu.

Kuna mtu alisoma.

Kuna mtu alisoma mpaka mwisho!

Ndugu zangu, najua kuna wenzetu hapa wameshaanza kushuka chini kwenye maoni kuandika "ndefu sana, fupisha". Vumilieni. Mambo haya yalitokea Kindu, enzi za Zaire, Chama kikiwa kimoja na redio ikiwa moja. Mama Bitota, mke wa huyo Ilunga, alinisimulia mwenyewe tumekaa nyuma ya nyumba yake akichagua mchele. Mimi nawapa kama alivyonipa.

Ilunga alikuwa karani wa stesheni. Baba yake alitoka Kasai kufuata kazi ya reli, akazaa watoto Kindu, akazikwa Kindu. Padri alimbatiza Jérôme, lakini majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa, kwa hiyo kazini alikuwa Citoyen Ilunga, yaani Raia Ilunga. Jérôme lilibaki jina la chumbani.

Mtu mpole. Hanywi sana. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu... kuandika!

Kila mwezi aliandika gazeti la ukutani pale cercle, nyumba ambapo wafanyakazi wa reli walikuja kunywa na kucheza karata. Chama kilitaka gazeti, kamati ikamchagua yeye. Wengine wangeandika karatasi mbili. Ilunga alijaza ukuta! Akiandika juu ya mbu, ataanza na mvua, apite kwenye mifereji, afike kwa bibi mmoja wa kambi ya reli aliyezalia ndani ya behewa, ndiyo arudi kwa mbu.

Rafiki yake wa damu alikuwa Musafiri, fundi wa karakana, mwenyeji wa Kindu, Mwislamu wa mtaa wa zamani. Hao wawili walikua pamoja. Siku moja pale cercle Musafiri akamwangalia akibandika, akacheka.

"Ndugu yangu, weye unaandika marefu kama Lualaba. Nani iko na nguvu ya kuogelea yote?"

"Watu wanasoma."

"Wanasoma kichwa. Kisha wanatafuta kama iko habari ya mpira. Kisha wanakunywa."

"Bongo! Uongo mtupu!"

"Basi jaribu! Weka neno moja la hatari kule chini kabisa. Kama hata muntu mmoja atalisema, mimi nakupa jogoo wangu."

Watu wa meza ile wakacheka. Ilunga naye akacheka, lakini moyoni alichomwa. Miaka anaandika, na hajawahi kusikia mtu akitaja hata mstari wake mmoja.

Mwezi ule aliandika juu ya Salongo, ile kazi ya lazima ya umma, na usafi wa kambi. Marefu, marefu... Na kwenye karatasi ya mwisho, chini ya shukrani zote kwa Kiongozi, akaandika:

*Kofia ya chui haimshibishi mtoto.*

Jamani!!!

Hakuna mtu Zaire nzima asiyejua kofia ya chui inakaa kwenye kichwa cha nani! Mwalimu mmoja wa Pangi alicheka tu wakati wa hotuba ya redio, alicheka, hakusema neno, na mke wake alimtafuta mpaka akachoka kutafuta.

Gazeti likakaa ukutani Jumamosi. Watu wakapita, wakanywa, wakatoka. Jumapili vilevile. Hakuna aliyesema kitu. Ilunga akaona aibu kuliko hofu. Jumatatu asubuhi akaenda kuitoa ile karatasi mwenyewe kabla ya kazi...

Akakuta pini.

Alikimbia karakana. Musafiri alikuwa chini ya injini, mafuta mpaka kwenye nyusi.

"Weye njo uliitoa? Ni weye?"

"Kutoa nini?"

"Karatasi! Ya mwisho!"

Musafiri akaacha spana ianguke.

"Ilunga... uliandika kweli?"

"Si uliniambia?"

"Nilikuwa nacheka! Muntu akikuambia ruka ndani ya mto, unaruka?"

"Sema tu. Uliisoma?"

"Nilisoma ya kwanza. Nusu."

Na hapo hapo, katikati ya hofu yote ile, Ilunga akaumia. Nusu!

Akamnong'oneza lile neno. Musafiri akageuka kuangalia mlango.

"Usiniambie tena. Mimi sikusikia. Na nyumbani kwako uchome karatasi zote, hata zile za mutoto za shule."

Nyumbani akamwambia Bitota. Mama yule alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ukabaki juu.

"Kwa sababu ya jogoo?"

"Si jogoo..."

"Kwa sababu ya nini basi? Niambie, Jérôme. Nikiulizwa kesho na watoto wako, niseme baba yao alikwenda kwa sababu ya nini?"

Ilunga akaanza kukusanya karatasi za kuchoma.

Wiki ile nzima nyumba haikulala wala haikuamka. Gari likipita, Bitota anasimama. Gari likipita bila kusimama, anakaa. Ilunga kazini alikuwa anamchunguza kila mtu. Mkuu wa stesheni akikohoa, ni yeye! Katibu wa kamati akimsalimia kwa kucheka, ni yeye! Asiposalimia... ni yeye zaidi!

Jumapili, baada ya misa, wamekaa kula. Wali, sombe, samaki.

"Hodi."

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, abacost yake, ile suti ya Chama isiyo na tai, imepigwa pasi vizuri. Jina lake Onema. Alitoka upande wa Tunda, na pale Kindu alisema kazi yake ni kununua mchele wa wakulima. Lakini Bitota aliniambia: "Hakuna aliyewahi kumuona na gunia."

"Karibu, citoyen," Ilunga akasema.

Onema akakaribia kweli. Akanawa. Akala kwa hamu, akasifu pilipili, akauliza majina ya watoto. Alipomaliza akanawa tena, akajifuta vidole kimoja kimoja, akatia mkono mfukoni.

Akatoa karatasi.

"Njo hii unatafuta?"

Bitota akawaambia watoto watoke nje.

"Usiogope," Onema akasema. "Mimi njo musomaji yako."

"Msomaji..."

"Ninasoma yote. Kila mwezi. Ile ya bibi aliyezalia kwenye behewa nilisoma mara tatu. Machozi yalinitoka, kweli ya Mungu. Mimi ninasema, huyu muntu iko na mkono!"

Ndugu zangu, mama Bitota aliniambia hapa ndipo alipoogopa kuliko siku zote. Si kwa sababu ya Onema. Aligeuka kumwangalia mumewe, akamkuta... anafurahi! Mtu amekuja na kifo mfukoni, na Ilunga macho yanang'aa kama mtoto aliyepewa sukari!

"Sasa sikiliza," Onema akaendelea. "Wakubwa zangu wanataka ripoti. Nani anasema nini sokoni, karakana, kanisani, musikitini. Mimi ninaandika mistari mitatu, wananiita muvivu. Weye utaniandikia."

"Na... na nikikataa?"

Onema akaikunja ile karatasi. Akairudisha mfukoni. Akaupigapiga mfuko taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Sombe yako tamu, mama," akamwambia Bitota.

Akaondoka.

"Utauza watu?" Bitota akauliza.

"Sitauza muntu."

"Ginsi gani?"

"Nitaandika marefu."

Na ndivyo alivyofanya! Onema alileta maneno aliyookota mjini, Ilunga akayazamisha. Kwa Kifaransa cha ofisi alianza na mvua, inavyotoka upande wa pili wa mto, inavyopiga mabati ya stesheni kabla ya kufika sokoni. Akaja kwenye bei ya mchele, kwaya ya kina mama, mabehewa yaliyokwama kabla ya Kibombo. Jina la mtu likilazimika kuwepo, aliliweka kule ndani kabisa, limezungukwa na maneno mazuri kuhusu Chama. Ilikuwa kama kutafuta sindano ndani ya mahindi.

Mwezi ukapita. Hakuna aliyechukuliwa.

Mwingine ukapita. Hakuna!

Onema akarudi anacheka.

"Wakubwa wamefurahi! Walipima kwa mukono, hivi... wakasema hii njo kazi!"

"Walisoma?" Ilunga akauliza.

"Walipima."

Ilunga akaanza kulala vizuri. Akaanza hata kutembea kifua mbele. Alimwambia mkewe kwamba anawalinda watu wote wa Kindu kwa kalamu yake, na hawajui.

Bitota hakucheka.

"Moto uliofunikwa na majivu haujazimika, Jérôme."

"Hakuna anayesoma mpaka mwisho, mama ya watoto. Mimi najua hilo kuliko muntu yeyote."

Kisha mchele ukaanza kupotea sokoni. Maniema, nchi ya mchele, na watu wanapanga foleni kwa kikombe kimoja! Pale cercle Musafiri akasema kwa sauti:

"Mchele wa Maniema unaliwa Kinshasa. Sisi tunabaki kuimba!"

Watu wakaangalia chini. Onema alikuwa amekaa pembeni na chupa yake.

Siku ya pili akaja kwa Ilunga.

"Huyo rafiki yako lazima aingie."

"Hapana! Musafiri hapana! Ni kama ndugu yangu."

"Mimi najua. Lakini pale cercle hakukuwa jicho langu peke yake. Mwingine akiandika na mimi sikuandika, wataniuliza kwa nini. Na mimi nitawaambia kwa nini."

Mkono ukaenda mfukoni.

Niwaulize ninyi mnaosoma, mngefanya nini? Msijibu haraka.

Ilunga aliandika. Aliandika ripoti ndefu kuliko zote za maisha yake. Mvua peke yake ilikula karatasi nyingi! Na kule mwisho kabisa, baada ya kila kitu, mahali ambapo aliamini jicho la binadamu halifiki, akaweka mstari mmoja. Jina la Musafiri, na alichosema.

Hakumwambia Musafiri ajihadhari. Bitota alimsihi amwambie. Ilunga akasema, "Nikimwambia, nitamwambia ni nani ameandika?"

Wakati ule ule mkubwa wa ofisi ya kina Onema akahamishwa. Akaja mwingine, kutoka Kisangani.

Siku chache baadaye Ilunga akakutana na Onema njiani karibu na soko. Mtu alikuwa amebadilika. Hacheki. Abacost haina pasi.

"Mukubwa mupya iko na tabia moja," akasema bila salamu.

"Tabia gani?"

"Anasoma kutoka nyuma."

"Kutoka nyuma... ginsi gani?"

"Anageuza ripoti, anaanza na karatasi ya mwisho. Anasema ya mbele ni salamu tu. Anasema ukweli wa muntu unakaa mwisho."

Ilunga hakusubiri zaidi. Akakimbilia karakana!

Alikimbia na viatu vya ofisi, akapita kati ya wauza samaki, akaruka reli. King'ora cha saa sita kilikuwa kinalia, wafanyakazi wanatoka kwenda kula...

Jeep ilikuwa imeshafika.

Musafiri alikuwa amesimama katikati ya watu wawili waliovaa miwani. Mikono imejaa mafuta.

"Niache ninawe tu," alikuwa anawaambia. "Nitachafua gari yenu."

Wakamsukuma ndani.

Akamuona Ilunga. Uso wake ukafunguka kama mtu aliyeona msaada!

"Ilunga! Ndugu yangu! Ambia mama ya watoto nimechelewa kidogo!"

Kidogo...

Ilunga alipeleka ujumbe ule. Alisimama mlangoni kwa mke wa Musafiri akasema maneno yale yale, amechelewa kidogo. Mama yule akaanguka chini, kisha akamshika miguu.

"Shemeji, weye njo unajua kuandika. Waandikie! Waambie mume wangu ni muntu mwema. Andika marefu, usiache kitu!"

Akaandika ukurasa mmoja. Mara ya kwanza maishani mwake maneno yaligoma kutoka. Akaupeleka kwenye ofisi ile. Askari wa mlangoni akaupokea, hakuukunjua, akaukalia.

Aliporudi, Bitota alikuwa anamsubiri amesimama.

"Rudi. Sema njo weye uliandika. Sema ulitunga, sema ni bongo, Musafiri hakusema kitu!"

"Watanichukua, Bitota."

"Ndiyo."

Alisema hivyo tu. *Ndiyo.* Mke, mama wa watoto wake!

Ilunga akarudi kweli mpaka kwenye lango la ile ofisi. Mvua ikaanza. Akasimama upande wa pili wa barabara, maji yanaingia shingoni, anaangalia lango. Bitota alikuwa amemfuata kwa mbali, amejifunika kanga kichwani. Alimuona. Alimuona anavyopiga hatua moja mbele, anavyosimama... na anavyogeuka.

Walipishana njiani.

Onema naye akapotea Kindu. Wengine walisema amepelekwa Lubutu, wengine walisema amechukuliwa yeye mwenyewe. Ile karatasi ya kofia ya chui haikuonekana tena. Ilunga akaacha gazeti. Ukuta wa cercle ukabaki mtupu, na hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza kwa nini.

Musafiri alirudi masika mengine yalipofika.

Kambi nzima ilitoka! Vigelegele, ngoma, watu wanalia. Lakini aliyeshuka pale alikuwa mzee. Sikio moja halisikii. Mkono wa kulia hauwezi kushika spana. Ilunga alikuwa nyuma ya watu, akasema atakwenda kesho. Kesho akasema keshokutwa. Mwisho Bitota akabeba kibuyu cha mafuta ya mawese na mchele, akamwambia, "Twende."

Wakamkuta Musafiri amekaa uani. Akamkaribisha vizuri. Akamuuliza habari za watoto. Bitota akaingia ndani kwa mke wa Musafiri, lakini mlango ulikuwa wazi, na yeye alisikia yote.

Kisha Musafiri akasema, kwa sauti kubwa kidogo kama wasemavyo watu wasiosikia vizuri:

"Mule ndani walinisomea."

"Walikusomea nini?"

"Ripoti. Yote. Mukubwa alitaka niseme kila neno ni kweli. Alianza na jina langu, kisha akarudi nyuma, nyuma, mpaka mwanzo. Siku nyingi. Kwa Kifaransa."

Ilunga akageuka kuangalia mlango.

"Mimi sikusoma shule nyingi. Lakini tulipofika kwenye ile mvua... inatoka upande wa pili wa mto, inapiga kwanza mabati ya stesheni..."

Akajifuta uso kwa mkono ule mbovu.

"Kindu nzima ni muntu mmoja tu anaona mvua hivyo. Hata kwa Kifaransa nilikujua, Ilunga."

Jamani... Bitota anasema hakusikia tena pumzi ya mumewe.

"Musafiri... mimi..."

"Walinipiga wakitaka nitaje wenzangu. Na wakaniuliza, huyu aliyeandika unamfahamu? Maana Onema hakuweza kuandika vile, hilo walilijua."

"Na weye..."

"Nilisema simfahamu."

Ndani, mke wa Musafiri alikuwa anapepeta ule mchele walioletewa. Hakujua kitu. Hakujua mpaka anakufa.

"Ilikuwa muzuri," Musafiri akasema mwisho. "Ile mvua. Kama ningesoma zamani, ningekuambia."

Kisha akasimama, akachukua birika, akaenda kutawadha. Adhuhuri ilikuwa imefika.

Hakumkataza kuja. Hakumtukana. Wakikutana njiani alimsalimia mpaka siku Ilunga alipokufa, na kwenye mazishi alikuja, akashika koleo kwa mkono wa kushoto. Lakini uani kwake Ilunga hakuwahi kukaa tena, na hakuna aliyemfukuza.

Ndugu zangu, hapa kila siku tunabishana kama watu wanasoma mambo marefu. Wengi hawasomi, ni kweli, na mimi sitawalaumu walioniacha kule juu. Lakini usiandike neno juu ya mwenzako ukitumaini kwamba halitasomwa. Atakuja mmoja, na huyo hutamchagua wewe.

Mama Bitota alipomaliza kunisimulia, nilimuuliza kama alimsamehe mumewe. Alikuwa ameshika punje ya mchele kati ya vidole, akaitazama sana.

"Nilimpikia," akasema. "Kila siku nilimpikia."